Mashine Inayofunguka Kabla Hujakaa

Kijiwe chetu kimezaliwa na mashine mbovu, na sioni aibu kulisema hilo. Kipo kwenye kibaraza cha maduka yaliyobanana: upande mmoja kinyozi, upande wa pili ngazi ya kupandia ghorofani, na chini ya ngazi hiyo ndipo ilipo meza yangu ya kutengeneza redio, simu na chochote chenye nyaya. Katikati yetu kuna chumba chembamba cha mtu anayewaandikia watu barua kwa kompyuta, na benchi ni lake. Aliliweka mlangoni kwa ajili ya wateja, maana kompyuta yake ilikuwa ukiiwasha asubuhi unaweza kwenda kuoga, ukavaa, ukarudi na kuikuta bado inafikiri. Wateja wakawa wanakaa kusubiri. Waliokaa wakataka kahawa, kahawa ikaja. Waliokunywa kahawa wakataka mtu wa kubishana naye, tukaja sisi. Na mwenye mashine mwenyewe, akishaibonyeza, alikuwa anatoka nje, tunabanana kumpisha, anakaa katikati yetu na kikombe chake mpaka kule ndani kulie. Hivyo ndivyo tulivyokuwa naye kila asubuhi, na tulidhani ni kwa sababu anatupenda.

Sasa amenunua mpya.

Huyo tunamwita Katibu, kwa kuwa hakuna kamati ya harusi wala ya msiba mtaani kwetu ambayo haijapita kwenye vidole vyake. Siku aliyokuja nayo aliikumbatia kifuani, akataka tuione sote kabla hajaiingiza ndani. Nyembamba, utadhani sinia. Akaiweka mezani kwake, akabonyeza, akageuka aje akae kwetu kama kawaida. Tukabanana. Alikuwa ameshainama nusu, mkono mmoja gotini, hajafika kwenye ubao, mashine ikalia ting! Imefunguka. Katibu akabaki vilevile ameinama, mara anatutazama sisi, mara anatazama ndani, kisha akanyooka akarudi alikotoka. Tangu siku hiyo makalio ya Katibu hayajagusa benchi.

Leo asubuhi tulikuwa tumekaa tulivyozoea, na katikati tumeacha nafasi bila kuambizana. Mwisho wa benchi alikaa Wembe, ambaye ni kinyozi, ingawa jina alipewa kwa ajili ya ulimi. Karibu naye Mstaafu, karani wa posta wa zamani, mtu anayeongea utadhani anagonga muhuri. Shangazi alikuwa kwenye kigoda chake na birika. Ni shangazi wa Katibu kweli, dada wa baba yake, lakini tumemgawana wote. Na mimi, Bisibisi. Ndani, hatua chache kutoka mgongoni mwetu, Katibu alikuwa anaandika. Mlango uko wazi, kwa hiyo ilibidi tunong'one, na Wembe hajawahi kujua kunong'ona.

Wembe: Ametusalimia?

Mstaafu: Ametusalimia. Amesema "hamjambo" akiwa anapita. Kwa wingi. Kwa jumla.

Wembe: Zamani alikuwa anatupa mkono mmoja mmoja, na anauliza nyumbani.

Shangazi: Wewe unalalamikia mkono? Mimi nimepewa shikamoo kwa kisogo! Mtoto wa kaka yangu, niliyembeba kwa mgongo huu, leo shikamoo yake inatokea nyuma ya kichwa.

Wembe: Ukaitikia?

Shangazi: Niliitikia. Ila marahaba yenyewe niliitoa shingo upande.

Mimi: Muacheni. Mtu na kitu chake kipya.

Nilisema hivyo kwa mdomo. Rohoni nilikuwa natokota kuliko wote, na sababu yangu ilikuwa miguuni pangu, ndani ya boksi la katoni, imefunikwa taulo. Ni ile ya zamani. Wembe ndiye aliyeipa jina la Bi Mkubwa, na hii mpya alipoiona tu akaiita Bi Mdogo. Bi Mkubwa mimi nilikuwa naijua kuliko ninavyojua mkono wangu. Waya wa chaja haukushika mpaka uuinue kwa kizibo cha soda. Ilibidi uilaze ubavu kidogo, uigonge karibu na bawaba, ndipo feni ingurume, na ikinguruma mtaa mzima unajua Katibu yupo kazini. Herufi A ilishang'oka zamani, na bila A huandiki hata salamu, nikamchongea nyingine kwa kifutio cha shule. Kila wiki aliniletea, kila wiki niliifungua. Juzi akanikabidhi boksi. "Toa vipuri vinavyofaa, Bisibisi," akasema, "vingine tupa." Alisema kirahisi tu, mtu anavyosema nifungie mlango.

Mstaafu: Mimi nadhani nimeshaelewa. Ile mashine si yake.

Wembe: Si yake vipi, na mkoba wa kuibebea tumemwona nao?

Mstaafu: Mkoba ni wake. Mashine ni ya ofisi fulani kubwa. Wamempa kwa masharti. Kila kidole anachobonyeza, huko kuna mtu anahesabu. Akiinuka kuja kukaa hapa, taa nyekundu inawaka mezani kwa bosi. Ndiyo maana hatoki. Mtu haachi marafiki zake hivihivi, ni masharti hayo.

Shangazi: Ofisi gani itampa mwanetu kitu, na yeye anaandika kadi za harusi?

Mstaafu: Ndiyo hizohizo kadi. Nani ameoa, nani amefiwa, nani amealikwa, nani ameachwa. Wewe huoni hiyo ni siri ya watu?

Wembe: Mstaafu, wewe ukiona bahasha imebandikwa vizuri tu unasema kuna njama. Sababu mimi ninayo, na iko wazi, iko usoni. Mmemtazama ndevu?

Tukageuka wote kwa pamoja, kisha tukajifanya tunamtazama mpita njia. Kweli, Katibu alikuwa na ndevu. Si nyingi, za mtu aliyejisahau.

Wembe: Huyu nilikuwa namnyoa kila mwanzo wa wiki, bila kukosa. Bi Mkubwa alikuwa akianza kufikiri tu, yeye anaingia kwangu, namaliza, anarudi, mashine bado. Leo hakuna. Na mnajua kwa nini? Bi Mdogo anafunguka kwa sura.

Shangazi: Kwa sura ya nani?

Wembe: Ya mwenyewe. Anaitazama, inamtazama, inafunguka. Hakuna neno la siri.

Neno la siri la Bi Mkubwa tulilijua wote. Ilikuwa "kahawamoja", bila nafasi. Katibu alikuwa analipaza kutoka huku nje mtu akitaka kuchapa kitu yeye akiwa na kikombe mkononi. Hata wateja walilijua.

Wembe: Sasa siku aliyojiandikisha kwake alikuwa na ndevu. Akinyoa, Bi Mdogo anamkataa. Anamwambia wewe ni nani, sikujui. Kazi zote zimo humo. Kwa hiyo amefungwa. Hawezi kunyoa mpaka afe!

Mstaafu: Na zikizidi kurefuka?

Wembe: (akafikiri) Hapo nitaitwa nizirudishe zilipokuwa. Lakini ataniita saa ngapi, na hatoki?

Shangazi: Nyinyi wanaume mnazunguka tu, jambo mnaliona. Huyu ameoa.

Mimi: Shangazi, ana mke na watoto.

Shangazi: Ndiyo, nami nampenda mke wake. Ninasema ameoa tena, humo ndani. Kaka yangu, baba yake huyo, alipoleta mke wa pili alianza hivihivi. Kwanza shati linapigwa pasi. Mmeliona shati? Halafu chakula analia ndani. Halafu anacheka peke yake. Jana nimemsikia anacheka, na hakuna mtu. Halafu anapita kwa dada yake mkubwa anasema "hamjambo", kana kwamba niko wengi!

Wembe: Lakini Bi Mkubwa alikuwa akilalamika sana, Shangazi. Kelele ile.

Shangazi: Alikuwa na haki ya kulalamika! Nani aliyeandika hotuba ya msiba wa mama yangu? Nani aliyebeba picha za harusi yako, Wembe, hata ile uliyofumba macho? Nani aliyekupashia mkate wako, Mstaafu?

Ni kweli. Bi Mkubwa akishachemka, Mstaafu alikuwa anauweka mkate wake juu yake, karibu na tundu la feni, unapata joto.

Mstaafu: Hii mpya nimeigusa. Ya baridi.

Alisema kwa sauti ya mtu aliyepewa mkono na mgeni asiyemtaka.

Mimi nami niliigusa. Siku ya pili niliingia kwa kisingizio cha kuazima kalamu. Katibu akaniita mwenyewe, uso unang'aa. "Njoo uone, Bisibisi! Sikiliza: kimya! Weka mkono: haichomi! A ipo! Nimeichomoa kwenye umeme tangu asubuhi na bado inakwenda!" Kila sifa aliyoitaja ilikuwa ugonjwa nilioutibu mimi, na alikuwa anausahau mbele yangu. Nikaigeuza kwa adabu. Chini hakuna skrubu hata moja. Wewe umeitwa Bisibisi maisha yako yote, unageuza mashine huoni skrubu. Ni kama kufika nyumba ya ndugu yako ukakuta haina mlango. Katibu akanipiga begani. "Hii haiharibiki," akaniambia, akitabasamu, kwa kuwa alidhani ananipa habari njema. Nikarudi kwenye meza yangu bila kalamu. Nilimwonea wivu kwa kuwa nayo, na nikaionea wivu yenyewe kwa kuwa naye, na sijui upi uliniuma zaidi.

Wembe: Wewe fundi, mbona umemeza ulimi? Sema basi. Ina nini ile?

Mimi: Haina kitu.

Wembe: Haina kitu vipi?

Mimi: Ndani haina kitu. Nyembamba vile utaweka nini humo? Feni haina, kelele haina, joto haina. Kazi lazima iache jasho mahali. Ile haifanyi kazi, inajifanya tu.

Najua haikuwa hoja ya fundi. Ilikuwa kijicho kitupu, lakini kijiweni iliingia vizuri, na Mstaafu akaipokea kwa mikono miwili.

Mstaafu: Sasa umesema! Haifanyi kazi kwa mikono ya Katibu. Inajiandikia yenyewe!

Shangazi: Toba!

Mstaafu: Yeye mle ndani anachezesha vidole tu ili sisi tusijue. Na inaandika nini? Mbona wateja wa leo hawajafika na yeye anaandika tangu alfajiri? Nawaambia, inatuandika sisi.

Wembe: Sisi? Sisi tuna nini cha kuandikwa?

Mstaafu: Nyamazeni. Nyamazeni wote niwaonyeshe.

Tukanyamaza. Hata Shangazi aliinua kifuniko cha birika kisigonge. Ndani vidole vilikuwa vinasikika kwa mbali, tap, tap, tap, mara vikapunguza, mara vikatulia kabisa. Kimya huku, kimya kule.

Mstaafu: Mmeona?

Vidole vikaanza upya, tena kwa kasi.

Wembe: Bwana wee!

Mstaafu: Tukisema, inaandika. Tukinyamaza, haina cha kuandika!

Wembe alifunika mdomo kwa taulo la dukani kwake. Shangazi akaivuta kanga kichwani, akaugeuzia mlango uso na kusema kwa sauti ya kusikika, taratibu, akitenganisha maneno: "Mimi nampenda sana mtoto wa kaka yangu. Na kahawa yangu najaza kikombe mpaka juu. Andika hivyo."

Wembe: Mimi ile habari ya jirani yangu na mita ya maji sikuisema mimi. Alinisimulia mtu.

Shangazi: Ulisema wewe.

Wembe: Shangazi, usinitaje jina!

Mimi: Jina lako lenyewe silo jina, Wembe. Hata ikikuandika, hakuna atakayekupata.

Wembe: Bora. Lakini fundi, wewe utajua namna ya kuizima. Ingia uizime.

Mimi: Haina pa kuingilia. Nimewaambia haina skrubu.

Mstaafu: Basi tumekalia kuti kavu. Katibu hayupo tena. Anayekaa mle ni mashine, na Katibu ndiye kifuniko chake.

Hapo nilicheka, na kicheko changu kikaishia njiani. Nilitazama ile nafasi katikati ya benchi. Ubao wake umeng'aa kwa kukaliwa miaka yote hiyo, na juu yake leo kulikuwa na vumbi. Nilijiambia kwamba mwisho wa wiki hii tutasogeleana, bila kuambizana vilevile, na nafasi itaisha. Wembe atabaki dukani kwake, Mstaafu atabaki kwake na mkate wa baridi, Shangazi atatafuta kona nyingine. Nami nitakuwa chini ya ngazi, na nyaya zangu. Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu, na nadharia zote tulizozipika asubuhi ile zilikuwa za kulizunguka.

Shangazi aliinua birika, akalitikisa sikioni. Lilikuwa zito.

Shangazi: Wakati kama huu zamani nilikuwa nimeshamaliza la pili. Leo la kwanza halijafika nusu. Siku hizi mteja anaingia, anatoka, hata haketi. Nimwage?

Ndipo akafika mwanamke mmoja. Hatumjui. Ana viatu vya kazi, bahasha mkononi, na haraka usoni. Akasimama mbele ya benchi, akatutazama mmoja mmoja, akahesabu kwa macho, akakata tamaa kidogo.

Mgeni: Habari za asubuhi, wazee wangu. Shikamoo, mama. Foleni inaishia wapi?

Shangazi: Marahaba, mwanangu. Foleni gani?

Mgeni: Si mnasubiri kuandikiwa? Nina barua ya maombi ya kazi, nataka niwahi kuipeleka.

Mstaafu: Hakuna foleni. Ingia tu.

Mgeni: Sitaki kuwaruka. Nyinyi mmetangulia.

Wembe: Ingia, dada. Sisi hatuandikiwi.

Mgeni: Ahaa. Sasa nyinyi mnasubiri nini?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza vile mtu anavyouliza njia. Wembe alifungua mdomo, ulimi wake ule, ukakosa neno. Mstaafu akatazama kikombe chake. Shangazi akaanza kukifuta kikombe kilichokuwa kisafi. Na ndani nako, vidole vikatulia.

Mgeni akaona ametuudhi, akasema samahani, akaingia. Tulimsikia Katibu akimkaribisha. Tukasikia tap tap tap, kisha printa. Shangazi alikuwa bado hajamaliza kumchagulia kikombe, mwanamke akatoka na barua yake mkononi.

Shangazi: Mwanangu, kahawa!

Mgeni: Ahsante, mama, nimeshamaliza!

Akaenda zake na haraka yake. Tukabaki na swali lake pale kibarazani, na hakuna aliyetaka kulikalia.

Ndipo nikainama. Nikavuta boksi, nikatoa taulo, nikamweka Bi Mkubwa kwenye ile nafasi katikati ya benchi.

Wembe: Kumbe yupo! Si uliambiwa umtoe vipuri?

Mimi: Sikupata muda.

Muda nilikuwa nao tele, na walijua. Wembe hakunibishia. Aliingia dukani, akachomoa mashine yake ya kunyolea na kunivutia waya mrefu mpaka mlangoni. Nikaingiza chaja, haikushika. Nikakumbuka kizibo. Nikapapasa ndani ya boksi, hakipo.

Mstaafu akakohoa. Akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa kizibo cha soda kilichosagika upande mmoja, akaniwekea kiganjani bila kunitazama.

Mstaafu: Nilikiokota. Kingepotea.

Nikakiweka chini ya waya. Nikamlaza ubavu. Nikagonga karibu na bawaba, na nikabonyeza. Kimya. Shangazi akataja jina la Mungu. Nikagonga tena, na feni ikanguruma, ikakohoa, ikashika, mtetemo wake ukapita kwenye ubao wa benchi mpaka kwenye mifupa yetu. Kule ng'ambo ya barabara muuza vitabu alitoa kichwa dirishani, akatazama, akarudi ndani ameridhika.

Ndani, vidole vilikuwa vimenyamaza, na safari hii havikuanza tena.

Katibu akatokea mlangoni. Nilikuwa sijamtazama vizuri siku zile zote. Ndevu zile, macho mekundu, na mkono mmoja umeshika kiuno. Akamtazama Bi Mkubwa. Akanitazama mimi.

Katibu: Si nilikwambia uitoe vipuri?

Mimi: Nitaitoa. Nataka kwanza nione kama inawaka.

Katibu: Imefika wapi?

Mimi: Bado giza.

Katibu: Ikitoka kwenye giza itaingia kwenye bluu. Kwenye bluu inakaa.

Shangazi: Inakaa kiasi gani?

Katibu: Kikombe kimoja. Viwili, ikiamka na hasira.

Shangazi hakusubiri kuagizwa. Sisi tukabanana. Nikampakata Bi Mkubwa mapajani mwangu, nafasi ikabaki wazi, na Katibu akainama, mkono gotini, taratibu, kwa tahadhari ya mtu anayengoja kuitwa. Hakuna kilicholia. Akakaa. Akatoa pumzi ndefu, na mgongo wake ukalia ko, ko, tukasikia.

Katibu: Jamani, kazi haziishi. Nikimaliza moja hii imeshafungua nyingine. Haina hata pa kupumzikia. Na nyinyi leo mmeninyamazia mara mbili.

Mstaafu: Tumekunyamazia sisi?

Katibu: Huwa naandika huku nawasikiliza. Mkinyamaza nadhani mmeondoka, nashindwa hata kuandika.

Mstaafu akaipuliza kahawa iliyokuwa imeshapoa. Wembe alisogea, akamshika kidevu na kumgeuza uso kwenye mwanga, kama zamani.

Wembe: Na haya majani?

Katibu: Muda, ndugu yangu. Utaninyoa leo.

Wembe: Na ile haitakukataa?

Katibu: Sijui. Ikinikataa, nitakaa hapa.

Wembe: Basi nitanyoa mpaka nyusi!

Tulicheka mpaka Mstaafu akamwaga nusu ya kikombe. Mimi nilikuwa upande wa mlango, nikanyoosha shingo nikachungulia ndani. Bi Mdogo alikuwa mezani peke yake, wazi, anang'aa. Akangoja. Akapunguza mwanga. Kisha akazimika mwenyewe, maana hapakuwa na uso wa kumtazama. Nilifurahi, tena nilifurahi vibaya, na sitamwomba mtu msamaha.

Mapajani mwangu joto lilianza kupanda. Mstaafu akaweka mkate wake kando ya tundu la feni. Giza likaisha, bluu ikaja, bluu ikakaa. Katibu alimaliza kikombe cha kwanza akiuliza nyumbani kwa kila mmoja, kwa zamu, kwa mkono. Akapokea cha pili. Tulikuwa katikati ya ile habari ya mita ya maji, ambayo Wembe hakuisema yeye, mashine ikalia. Imefunguka. Picha ya harusi ya Wembe ikatokea kwenye kioo, macho amefumba.

Hakuna aliyetingishika. Katibu alikitazama kile kioo, akatazama mlango wake, akatazama kikombe kilichokuwa bado na moshi. Akanyoosha kidole, akakishindilia kitufe cha kuwashia bila kukiachia, mpaka feni ikakata na kioo kikawa cheusi.

Katibu: Imeganda.

Wakanigeukia mimi wote, kwa kuwa fundi ni mimi.

Mimi: Imeganda kabisa. Tuanze upya.

Akabonyeza. Shangazi akamimina.